Gia ya Pili ya Trekta la Njuguna

Mwanangu Hadija,

Salamu hizi hazijatoka mbali. Zimetoka chumba cha uani, ambako mama yako amenitupa na taa ya chemni pamoja na masufuria ya kuazima, kwa sababu nyumba yote imejaa wanawake na kila nikichungulia nafukuzwa. Nimejaribu kupita nikisema nimesahau kofia yangu. Somo wako akanijibu kwamba kofia ninayo kichwani. Basi nimekaa nikaandika, maana asubuhi lori la mboga litakuja kukuchukueni kwenda Ruiru, na sidhani nitakupata peke yako. Hata nikikupata, najijua, nitakuuliza tu kama umelifunga sanduku vizuri.

Ya nyumbani sikuandikii. Mambo ya mume, ya jiko, ya mgeni wa ghafla, hayo umeelezwa na akina mama juma zima, na mengine nimeyasikia kupitia ukuta ingawa sikutaka. Mimi nataka kukuandikia habari za giaboksi. Usicheke kwanza. Kisa chenyewe unakijua, Majengo nzima hapa Thika inakijua, lakini umekisikia vipande vipande, vingine kwa watu wasionipenda na vingine kwa mama yako, ambaye ananipenda na kwa hiyo hukisimulia vibaya zaidi. Nataka ukisikie chote kwangu kabla hujaingia nyumba ya Njuguna, kwa sababu nakuogopea. Leo mchana nimeushika mkono wa mwanawe mbele ya mwalimu nikakuozesha kwa ulimi wangu mwenyewe, na bado naogopa utakavyoishi katika nyumba ile.

Mimi ni mtu wa shaka, wewe unajua. Watu husema ni Hali ya Hatari, zile siku za vita vya msituni, iliyonifanya hivi. Ni kweli kwamba ilinizidisha. Babu yako alikuwa Mnyamwezi aliyekuja na misafara akakaa, bibi yako alikuwa Mkikuyu wa Kiambu aliyesilimu, na sisi watoto wao tukaandikwa Waswahili. Vilipoanza vizuizi barabarani, mimi nilipita na baiskeli yangu mahali ambapo wajomba zangu walikalishwa chini mikono kichwani. Wakikuyu wakasema huyu anapita hivi kwa nini, lazima anapeleka maneno. Askari wakasema huyu mama yake ni nani, lazima anaficha watu. Nikawa natazama mikono ya mtu kabla ya kutazama uso wake. Lakini nikikuambia ilianza hapo nitakuwa nakudanganya, na mama yako yuko chumba cha pili na angenisahihisha. Yeye husema nilizaliwa nikimkagua mkunga.

Katika kazi nilikuwa na desturi moja. Nikifungua mashine ya mtu na kazi haijaisha, kuna kitu kimoja kidogo nitakitia mfukoni niende nacho nyumbani: pini, gololi, nati isiyo na mwenzake, chochote ambacho bila hicho mashine haifungiki. Mafundi wengi wanafanya hivyo, hata kama wanakana. Mwenye mashine anakuita, unafungua, unahangaika mpaka unauona ugonjwa, na kesho yake unakuta ameleta fundi mwingine amalizie. Ukiwa na ile pini mfukoni, atakungoja. Wenzangu walikuwa wakimwambia mwenye mashine kwa mzaha kwamba wameondoka na roho yake. Mimi sikumwambia mtu. Niliona nikisema nimechukua nini, faida ya kuchukua imekwisha.

Sasa trekta. Wakati ule lilikuwa la memsabu mmoja mjane mwenye kahawa Ruiru, karibu na mto. Lilikuwa dogo, la bustani, kimo chake hakifiki kifuani, lenye kiti cha chuma cha matundu na injini ya silinda moja. Lilikuja ndani ya sanduku la mbao kabla ya vita vikuu, na hata nilipolikuta mimi lilikuwa kuukuu. Kazi yake kukata majani, kulima bustani ya mboga na kuvuta kigari. Mwendeshaji wake alikuwa Njuguna, huyu huyu ambaye kuanzia leo ni baba mkwe wako. Alikuwa akilipenda trekta lile kuliko memsabu alivyolipenda. Mvua ikinyesha alilifunika kwa koti lake mwenyewe, na mimi nikajiuliza mtu anayefunika mali ya mzungu kwa koti lake anatafuta nini.

Ugonjwa ulikuwa gia ya pili. Ukilipeleka kwenye mteremko wa mtoni, gia inaruka, inatoka yenyewe, na trekta linashuka bila kushikwa na kitu. Njuguna alikuwa ameuzoea. Aliuzuia mkono wa gia kwa goti, na alipochoka aliufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Memsabu ndiye aliyeogopa, akatuma niitwe Thika.

Tulifungua sisi wawili, memsabu akiwa amesimama mlangoni pa gereji na kikombe chake. Oili ilitoka imejaa vumbi la shaba linalometameta, nikajua kuna bushi, ile pete ya shaba ya ndani, inasagika. Tukatoa kipande kimoja kimoja, tukaviosha kwa mafuta ya taa na kuvipanga juu ya gunia kwa utaratibu wa kutoka kwake, ili vikirudi virudi vivyo hivyo. Njuguna alipanga vizuri sana. Ugonjwa wenyewe ni mdogo, nikueleze, kwa sababu utaliona trekta lile kila siku. Fimbo inayosogeza gia ina vitundu. Kuna gololi ndogo inayokaa katika kitundu, na juu ya gololi kuna springi fupi, urefu wa kifundo cha kidole, inayoigandamiza isitoke. Springi ikichoka, gololi haishiki. Na uma unaoshika gia ulikuwa umelika upande mmoja. Yale mawili yakikutana, gia lazima iruke.

Jioni ile nilitia springi na gololi mfukoni. Nilikuwa na sababu nzuri: nilitaka kwenda nazo kwenye duka la Mhindi Thika nitafute springi inayofanana. Nilikuwa na sababu yangu ya kila siku pia. Neno moja tu lingetosha, "Njuguna, springi naenda nayo." Alikuwa ananisaidia kunawa mikono, anamwaga maji. Nilinyamaza nikapanda baiskeli.

Wewe unakumbuka wakati ule springi ilikuwa kitu gani. Watu wa msituni walikuwa wakitengeneza bunduki kwa bomba, komeo la mlango na springi. Mtu akipatikana na springi isiyo na maelezo, hakuna aliyemuuliza swali la pili. Mimi, fundi, mwenye akili zangu, nilipita kizuizi cha kwenye mkonge nikiwa nayo, nikaulizwa habari za jioni, nikapita.

Siku iliyofuata nilikuwa na homa, na siku iliyofuata tena barabara ilifungwa. Huku nyuma maofisa walikuja kupekua mashamba ya Ruiru. Wakaingia gereji na memsabu. Yeye alituona tukifungua, akatazama gunia, akaona pengo kwenye ile safu iliyopangwa vizuri. Akauliza springi iko wapi. Njuguna akajibu, "Fundi anajua." Alisema kweli. Hakujua zaidi ya hapo, kwa sababu sikumwambia.

Askari akatumwa Majengo. Ulikuwepo. Koti langu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango na wewe ulikuwa umekaa chini yake ukifanya hesabu za shule. Askari akasimama kizingitini.

"Wewe ndiyo fundi ya trekta ya memsabu?"

"Ndiyo."

"Iko kitu yake hapa?"

Hadija, katika muda wa kupepesa macho niliwaza yote. Niliwaza Njuguna amenisingizia wizi ili kazi apewe ndugu yake. Niliwaza memsabu hataki kunilipa na amepata njia. Kitu kimoja sikukiwaza, kwamba mtu ameulizwa swali na amejibu ukweli. Nikasema, "Hapana."

Wewe uliinua kichwa ukanitazama, kisha ukarudi kwenye hesabu zako. Ulikuwa umeniona nikiitoa ile springi mfukoni jana yake na kuirudisha. Hukusema kitu, na mimi usiku ule nilikusifu moyoni kwamba huyu ni mtoto wa baba yake. Leo jambo hilo linaniuma kuliko lile "Hapana" langu.

Njuguna alichukuliwa siku ile ile. Mimi nilipata habari kwa mama mmoja wa sokoni, nikaelewa. Nilipanda baiskeli na homa yangu, springi nimeifunga kwa uzi kwenye usukani mbele ya macho ya kila mtu, kwa sababu niliona nikiificha tena nitakufa mimi. Memsabu aliipokea. Aliiamini hadithi yangu, nadhani, na akaandika kwa wakubwa. Lakini Njuguna alikuwa amekwisha kupelekwa kambini na huko walikuwa na maswali mengine ya kumuuliza, wala hawakuhitaji springi tena. Alikaa huko hadi mwanawe akabadilika sauti. Aliporudi alikuwa mwembamba, mguu mmoja mzito, na mkewe alikuwa amekwisha kuzikwa.

Sasa sikia lililonitesa. Nilimngojea aje. Nilikaa barazani jioni nyingi nikimngojea aje anitukane, anipige, alete wenzake. Nilinunua komeo jipya. Siku nilipokutana naye ilikuwa soko la Thika, kwenye kabichi, nikiwa na mkoba mkononi. Akaniona. Nikasimama.

"Fundi!" akasema. "Habari ya siku mingi? Watoto iko salama?"

Basi. Akanichagulia kabichi mbili ngumu akanipa. Nilizileta nyumbani nikazitazama, na mama yako alipotaka kuzikata nilizichukua nikazitupa jalalani. Mama yako aliona haya wiki nzima. Akaniuliza, "Wewe unaona mtu akiwa mwema kwako ni mgonjwa?" Mtu akinichukia najua pa kumweka. Huyu sikujua pa kumweka.

Memsabu aliuza shamba akarudi kwao. Wanunuzi hawakutaka trekta bovu, wakamwambia Njuguna achukue chuma chake. Akalivuta kwa ng'ombe hadi kwenye shamba lake ng'ambo ya mto, akalifungia tena tyubu kwenye mkono wa gia, akaanza kulima mboga. Na mboga zile ndizo zilizomleta mwanawe Kamau soko la Thika, na soko ndilo lililomleta Kamau kwako, na mimi kama kawaida nikawa wa mwisho kuambiwa.

Unakumbuka nilivyomfanyia yule kijana. Alisilimu akaitwa Yusufu, mimi nikasema amesilimu ili awe Mswahili apate kutembea bila kusumbuliwa, kama walivyofanya wengine. Wewe ukaniambia, "Baba, sasa hivi hakuna anayesumbuliwa hivyo." Nikasema basi amesilimu kwa ajili yako. Ukasema, "Na kama ni kwa ajili yangu?" Nilimfanya asome shahada mbele yangu sijui mara ngapi, hata mwalimu akaniambia Ramadhani, Mungu amesikia. Na kwa Njuguna nilipoenda kuzungumza habari za posa sikuonja hata maji. Nilisema ni mambo ya dini, nyama yao hatuli. Dini haikatazi chai, Hadija. Niliogopa kikombe chake. Mara ya pili nilipokwenda nilikuta amemwita mchinjaji wetu wa Majengo tangu alfajiri, mbuzi amechinjwa kwa bismillahi, na sufuria mpya bado ina karatasi ya duka. Nikasema tumbo linauma.

Hapo ndipo Njuguna aliposema jambo lake. Alisema kabla ya harusi, trekta litengenezwe, na fundi ni mimi.

Nilirudi Thika nimeganda. Kuna mafundi Ruiru. Kuna mafundi Thika wenye gereji za mabati na kazi safi. Kwa nini mimi, na kwa nini giaboksi ile ile? Nilimwambia mama yako huyu anataka kunirudisha mahali pale pale ili kitu kipotee tena, na safari hii nichukuliwe mimi. Akaniambia niende nikachukuliwe basi, apumzike.

Nikaenda. Mwezi uliopita, siku zile ulizodhani ninafanya kazi kwenye kiwanda. Alikuwa ametandika gunia chini ya banda, jipya, safi. Tulifungua. Oili ilitoka na dhahabu ile ile ya shaba. Nikatoa kifuniko, tukatoa fimbo, tukatoa uma, yeye akapanga kwa utaratibu wake, mguu wake umenyooshwa kando kwa sababu haukunji. Springi iliyokuwa ndani ilikuwa ya kubahatisha, ameikata mwenyewe kutoka kitanda. Tulipofika katikati alisimama akasema anakwenda kuangalia ng'ombe, akaniacha peke yangu na kila kitu. Nilivihesabu vile vipande. Nilivihesabu tena. Nikazunguka banda kuangalia kama kuna mtu amejificha kwenye mahindi, na kweli palikuwa na mtu: mama mmoja anachuma mboga, akaniamkia.

Aliporudi alinikuta nimekaa mbali na gunia, mikono magotini, kama mshtakiwa. Akacheka. Akasema, "Fundi, leo unabeba gani?"

Sikucheka. Nilisimama na spana mkononi nikamuuliza lile nililokuwa nalo kifuani miaka yote. "Njuguna, unataka nini kwangu?"

"Nataka gia ya pili," akasema. "Isiruke. Hiyo tu."

"Siulizi trekta."

"Mimi najibu trekta."

"Na yale mambo mengine?" nikasema. "Kambi? Mama Kamau?"

Hapo uso wake ukabadilika, na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuona umebadilika. Alikaa juu ya debe, akajifuta mikono polepole kwa kitambaa. Kisha akanipigia kelele. Sijawahi kusikia sauti ile.

"Ngai! Wewe mtu gani? Nilikasirika mpaka nikachoka. Kule ndani nilikasirika mchana, nikakasirika usiku, nikakuua mara mingi sana kwa kichwa yangu. Sasa unataka nianze tena, ndiyo wewe upate kulala?"

Nikamwambia, "Nataka tu kujua kama umenisamehe au unangoja."

"Sijakusamehe! Nani alikuambia nimekusamehe? Nikiona wewe nasikia mguu inauma. Hata kabichi ile nilikupa mkono ikitetemeka, wewe hukuona, ulikuwa unaangalia kabichi. Lakini msichana si wewe. Kijana yangu anampenda. Msichana amekuja hapa akanisalimia vizuri, akaniuliza mguu yangu inauma wapi. Wewe mwenyewe hujawahi kuuliza. Sasa kamata hii fimbo, jua linaenda."

Nikaikamata. Mwanangu, sijui kama utanielewa, lakini tangu nimjue mtu yule hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwamini. Wema wake ulikuwa umenikosesha usingizi, na ukali wake ukanituliza. Niliona sasa najua anaposimama, na kwamba hasira yake amekwisha kuiweka mahali ambapo wewe hupiti. Nilimuuliza mguu unauma wapi. Akasema nimechelewa, lakini akanionyesha.

Tukafanya kazi siku kadhaa hadi tukamaliza. Uma niliupeleka kwa mchomeleaji akaujaza shaba pale palipolika, nikausawazisha kwa tupa, kidogo kidogo, naujaribu na kuutoa. Bushi tukatia mpya. Springi nilinunua dukani, nikaipima kwa kidole gumba hadi nikaridhika, nikaidondosha juu ya gololi mbele yake na kumwonyesha kila kitu kinapokwenda. Tukatia oili safi. Akapanda, akakata ile tyubu kwa kisu, akashuka mteremko wa mtoni kwa gia ya pili, mikono yote juu ya usukani na goti lile zima limetulia. Haikuruka. Nilikimbia nyuma yake hadi chini nikisikiliza, na ilipofika chini nilikuwa nalia, nikasema ni moshi. Alinipa chai siku ile. Niliinywa.

Nimekuandikia haya yote kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo, kwamba usishangae. Siku moja mguu wake utamuuma vibaya, mvua ikinyesha, na atakutazama akaniona mimi. Usiogope, wala usimwombe radhi kwa niaba yangu, hilo ni deni langu. Mpe maji ya moto aukande, mwache anyamaze.

Ya pili ni wewe. Nimekuona. Wageni wakiondoka unahesabu vikombe. Ukipewa maziwa unayanusa, na ukimaliza unayanusa tena. Yusufu alipochelewa kuja juzi uliuliza amepita njia gani na nani alimwona, na sauti iliyotoka kinywani mwako ilikuwa yangu. Nilitaka kusema kitu nikaona sina haki. Ile siku ya askari, ulipoinua kichwa ukanitazama, nadhani ndiyo siku ulipoichukua shaka hii. Mimi ndiye niliyekupa, na sijui namna ya kuitoa. Ningekuwa najua ningekuwa nimeitoa kwangu mwenyewe kwanza.

Sikwambii uwaamini watu. Nani angelichukua neno hilo kutoka kwangu? Oili ipime kila wiki, kwa macho yako, hata wakikuambia imejaa. Lakini ukiwa na shaka na mtu wa nyumba ile, muulize angali amesimama mbele yako, kabla hajakwenda kumwaga maji ya kunawia. Muulize kwa ukali ukitaka. Akikasirika, huo ni ujira wa swali, na utaishi. Mimi nilikaa na shaka zangu ndani zikiwa kimya na zimekunjwa vizuri, na nyumba ya mtu ikavunjika kwa hilo. Nilikuwa naogopa kuonekana mjinga. Na wewe unaogopa hivyo hivyo, nimekuona darasani ulipokuwa mdogo, hukuinua mkono mpaka uwe na hakika mara tatu.

Na mume wako. Bado sijamaliza naye. Nadhani ni kijana mzuri. Nimemchunguza kwa kila njia niijuayo na nyingine nilizobuni, hata nikamtuma mtu sokoni kununua kabichi kwake aone kama atampunja, akaongezewa moja bure. Mama yako alipojua alicheka mpaka akakaa chini. Nadhani anakupenda. Unaona nimeandika "nadhani" mara mbili, na kwangu mimi hiyo ni kama kuapa.

Wanaimba huko ndani. Sauti yako naitambua katikati yao, na inaniuma hapa. Nilikuwa nimezoea kuisikia asubuhi ukiwafukuza kuku. Sikuwahi kukuambia kwamba ninaamka mapema kuliko inavyohitajika ili niisikie. Ulidhani nachungulia kama maziwa yameletwa pungufu. Nilikuwa nafanya hilo pia.

Ruiru si mbali. Nikisikia unaonewa, nitafika kabla ya chai kupoa, na Njuguna anajua, nimemwambia hivyo uso kwa uso, akasema karibu. Kwa hiyo ukikaa vibaya, niandikie, mpe mtu yeyote wa mboga anayekuja Thika. Lakini nisikufiche. Hilo la kukaa vibaya nitaliamini hapo hapo, hata lisipokuwa kweli. Linalonishinda ni lingine. Ukikaa vizuri, ukiwa na furaha katika nyumba ya mtu yule, niandikie, Hadija. Mara ya kwanza nitasema umelazimishwa kuandika. Niandikie tena.

Baba yako,
Ramadhani